HSA hatua kwa hatua: jinsi ya kupanga gharama za matibabu Marekani kabla bili haijafika

Kila msimu wa kuchagua bima, hadithi ni ile ile. Mtu anafungua ukurasa wa kazini, anatafuta bima yenye makato madogo kuliko zote, anatia tiki na kurudi kazini. Machi mtoto anavunjika mkono, bili inakuja, bima hailipi hata senti moja, na ile akaunti ya HSA iliyokuja pamoja na bima ina dola sifuri. Wengine hawajui kama waliifungua.

Bima yenyewe haina kosa. Kosa ni kuichukua nusu nusu. HSA ni akaunti yako mwenyewe ya akiba ya matibabu: pesa ikiingia haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, ikizaa faida haikatwi, na ukiitumia kwa matibabu yanayokubalika haikatwi pia. Salio halifutwi mwaka ukiisha, na ukiacha kazi unaondoka nalo. Lakini inafanya kazi kwa mpangilio wake, na ukiruka hatua moja unaweza kujikuta pabaya kuliko ambaye hakuwa nayo kabisa.

Takwimu zote hapa ni za mwaka 2026. Hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ukisoma baadaye hakikisha upya.

## Andaa hivi kwanza

- Muhtasari wa bima yako, ule wenye herufi SBC juu. Mwajiri au kampuni ya bima lazima akupe ukiuomba.
- Slipu yako ya mshahara ya karibuni.
- Bili na risiti za matibabu za mwaka uliopita za nyumba nzima, za meno na miwani zikiwemo.
- Kitambulisho, namba ya Social Security na namba ya akaunti yako ya benki.
- Folda moja kwenye simu au mtandaoni, uipe jina "HSA" na mwaka. Iunde leo, kabla hujasahau.

Kwenye muhtasari wa bima, piga mstari chini ya kiasi cha aina tatu. Cha kwanza ni ada ya bima inayokatwa kwenye mshahara, uugue usiugue. Cha pili, kilichoandikwa "deductible", ni kile unachojilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Hapa nitakiita kiasi cha kujilipia. Cha tatu ni ukomo wa mwaka: ukishalipa kufikia hapo, bima inabeba gharama zote zilizobaki kwenye huduma inazozitambua.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kuchangia

Kuwa na akaunti na kuruhusiwa kuweka pesa ndani yake ni mambo mawili. Ili uweke pesa, lazima uwe na bima ya aina ya HDHP, yaani yenye kiasi kikubwa cha kujilipia. Kwa 2026 kiasi hicho kisipungue dola 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia, na ukomo wa mwaka usizidi dola 8,500 kwa mmoja au 17,000 kwa familia. Usihukumu kwa macho, muulize HR (idara ya wafanyakazi kazini kwako) swali moja kwa maandishi: "Je, bima hii inakubalika kwa HSA?"

Wanaonunua bima wenyewe kwenye HealthCare.gov au soko la jimbo lao wana habari njema: kuanzia Januari 1, 2026, bima za ngazi ya shaba (Bronze) zinazouzwa kwenye masoko hayo zinakubalika kwa HSA.

Sasa mitego. Huruhusiwi kuchangia kama:

- una bima nyingine ya kawaida pembeni, mathalani umeandikwa pia kwenye bima ya mwenza wako;
- mwenza wako ana FSA ya kawaida, yaani akaunti ya gharama za matibabu ya kazini kwake, inayoweza kulipia matibabu yako. Hii inawanasa wengi, kwa sababu FSA si yako na huioni;
- umejiunga na Medicare (bima ya serikali, hasa ya wenye miaka 65 na zaidi), au wewe mwenyewe uko kwenye Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo);
- mtu mwingine anaweza kukuweka kama tegemezi kwenye kodi yake.

Familia nyingi zetu zina watoto walio kwenye Medicaid au CHIP (bima ya serikali ya watoto) huku mzazi akiwa na bima ya kazini. Hilo halikuzuii. Kinachoangaliwa ni bima yako wewe mwenye akaunti. Ila kama kwenye HDHP umo peke yako, kikomo chako cha kuchangia ni cha mtu mmoja, hata kama una watoto watano.

Umemaliza hatua hii ukiwa na jibu la maandishi la HR au la kampuni ya bima.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kusaini

Chukua familia ya mfano mjini Columbus. Baba anafanya kazi ghalani na analipwa kila wiki mbili, mara 26 kwa mwaka. Bima ya kawaida ingemkata dola 210 kila mshahara. HDHP inamkata 120. Tofauti ni dola 90, ambazo kwa mwaka ni 2,340. Mwajiri anaongeza 1,000 kwenye HSA. Kiasi cha kujilipia cha familia ni dola 4,000.

Akizielekeza zile 90 zote kwenye HSA, mshahara unaofika nyumbani ni ule ule ambao angeupata kwenye bima ya kawaida, maana ada ya bima na HSA kwa kawaida vyote hukatwa kabla ya kodi. Mwisho wa mwaka ana 3,340. Mwaka wa afya njema, pesa hiyo inabaki kwake. Mwaka mbaya, pengo hadi kufikia 4,000 ni dola 660, na hapo bima inaanza kuchangia.

Akizichukua zile 90 mkononi, mambo yanageuka. Kwenye ngazi ya kodi ya 12%, pamoja na 7.65% ya Social Security na Medicare, anabaki na kama dola 72, kabla hata jimbo halijachukua chake. Zinakwenda kwenye mafuta ya gari na kutumiwa watu nyumbani, na siku ya bili hana kitu. Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa takwimu zako. Kisha soma mstari mmoja zaidi kwenye muhtasari: je, kila mtu ana kiasi chake cha kujilipia, au mpaka kile cha familia nzima kitimie? Kwenye baadhi ya bima, mtoto mmoja akilazwa, bima haianzi mpaka dola zote 4,000 zilipwe.

Maoni yangu bila kuficha: kama mwajiri hachangii kitu, tofauti ya ada ni dola 15 tu kwa mshahara, na nyumbani kuna mtu wa dawa ghali kila mwezi, chukua bima ya kawaida. Punguzo la kodi halilipi bili ambayo huna pesa yake.

## Hatua ya 3: Fungua akaunti, na weka chochote siku hiyo hiyo

HSA hulipia tu matibabu yaliyofanyika baada ya akaunti kuanzishwa. Ukitibiwa tarehe 5 na akaunti ikaanza tarehe 20, bili ile haiingii, hata kama bima ilikuwepo. Na majimbo mengi huhesabu akaunti imeanza pale pesa ya kwanza inapoingia. Kwa hiyo usingoje mshahara. Tuma hata dola 10 kutoka benki yako siku unayofungua.

Mwajiri akiwa na msimamizi wake wa HSA, anzia huko, kwa sababu makato ya mshahara yanakuepusha na ile 7.65%. Ukiweka mwenyewe kutoka benki utapata nafuu ya kodi ya mapato tu. Asiye na mwajiri afungue kwenye benki au kampuni ya uwekezaji isiyotoza ada ya mwezi. Zipo, na hakuna sababu ya kulipa dola tatu kila mwezi kwa akaunti yenye dola mia mbili.

Ukiwa bado kwenye fomu, jaza jina la mrithi. Mwenza akiirithi, inabaki HSA, sasa ni yake. Mtu mwingine akiirithi, akaunti inafungwa na pesa inahesabiwa kuwa kipato chake cha kutozwa kodi.

## Hatua ya 4: Panga kiasi cha kukatwa

Kikomo cha 2026 ni dola 4,400 kwa bima ya mtu mmoja na 8,750 kwa familia. Mwenye miaka 55 au zaidi anaongeza 1,000. Mchango wa mwajiri unahesabiwa humo humo. Mume na mke wenye bima ya familia wanagawana zile 8,750. Kila mmoja hapati zake.

Usianze na kikomo. Lengo la mwaka wa kwanza ni kufikia kiasi chako cha kujilipia. Toa mchango wa mwajiri, gawa kinachobaki kwa idadi ya mishahara, hiyo ndiyo namba ya kuandika. Ikikushinda, andika nusu yake. Tofauti na FSA, makato ya HSA unaweza kuyapandisha au kuyashusha katikati ya mwaka, kwa kawaida kila mwezi, bila kutoa sababu.

Hatari iko Januari na Februari. FSA hukupa kiasi chote cha mwaka siku ya kwanza. HSA hukupa kilichokwisha kuingia tu. Ukiugua mapema, lipa kidogo kidogo kutoka mfukoni, au omba hospitali mpango wa awamu, kisha jirudishie kutoka HSA kadiri inavyojaa.

Ukianza bima katikati ya mwaka, kikomo hugawanywa kwa miezi. Ipo kanuni inayomruhusu aliye na HDHP Desemba 1 kuchangia kama wa mwaka mzima, lakini inamfunga kubaki na bima ya aina hiyo mpaka Desemba 31 ya mwaka unaofuata. Mwenye kazi isiyotulia aikwepe.

Ukikagua slipu ya pili baada ya kupanga na kukuta makato ya HSA yameandikwa, na kwenye akaunti pesa imeingia kweli, songa mbele.

## Hatua ya 5: Siku ya matibabu, usikimbilie kadi

Hapa pesa nyingi hupotea, na hupotea kwa adabu. Mpokezi anatabasamu, anasema unadaiwa kiasi fulani, anauliza utalipaje leo. Wewe unaona aibu, unatoa kadi ya HSA.

Badala yake sema: "Tafadhali ipelekeeni bima kwanza, nitalipa nikipata bili." Kliniki nyingi hukubali. Baadhi hutaka malipo ya awali. Ukilazimika, lipa kiasi kidogo na uchukue risiti. Kwenye chumba cha dharura, hospitali haiwezi kukataa kukupima na kukutuliza eti kwa sababu hujalipa. Na kama Kiingereza cha hospitali kinakusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumtoa bure. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri habari za uzazi au saratani.

Kabla ya kwenda, hakikisha mambo mawili: kama daktari na maabara wako kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya watoa huduma wake, na kama huduma ni ya kinga. Chanjo za kawaida, uchunguzi wa mwaka na vipimo kama mamogramu kwa wenye umri unaohusika hulipwa na bima moja kwa moja, bila kugusa HSA.

Baada ya wiki chache itakuja kutoka kwa bima karatasi ya maelezo ya malipo iitwayo EOB, yenye maneno ya kukutahadharisha kuwa hiyo si bili. Isome mstari kwa mstari. Mfano:

- Hospitali imedai: dola 1,240
- Bei iliyokubaliwa na bima: dola 610
- Bima imelipa: dola 0
- Unadaiwa: dola 610

Tazama mstari wa pili. Hata bima isipotoa senti, imeshusha bei kwa zaidi ya nusu. Aliyetoa kadi kaunta na kukatwa zile 1,240 sasa ana kazi ya kudai 630 zake, simu baada ya simu.

Bili ya hospitali ikifika, ilinganishe na EOB. Tarehe, huduma na kiasi cha mwisho lazima vifanane. Visipofanana usilipe, piga simu ya bili, omba mchanganuo wa kila huduma. Kiasi kikiwa kizito, uliza mambo mawili: awamu bila riba, na fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa msaada huo, na mwenye bima naye anaweza kuomba. Msaada huombwa kwanza, HSA hufuata.

## Hatua ya 6: Jua nani na nini kinalipiwa

HSA inakulipia wewe, mwenza wako wa ndoa, na tegemezi wako wa kodi, hata kama hawamo kwenye bima yako. Orodha ya huduma ni ndefu kuliko watu wanavyodhani: daktari, dawa, meno, miwani, vifaa vya kusikia, uzazi, tiba ya akili, dawa za dukani zisizohitaji cheti, taulo za kike, hata mwendo wa gari kwenda hospitali.

Ada ya bima ya kila mwezi kwa kawaida haimo, isipokuwa bima ya COBRA, yaani ile ya kazini unayoendelea kujilipia baada ya kuacha kazi, au bima unayolipia ukiwa unapokea mafao ya kukosa ajira. Dawa ya mswaki, gym na upasuaji wa urembo havimo. Mazishi na kusafirisha maiti kwenda nyumbani havimo pia, hata kama marehemu alifia hospitalini.

Swali zito zaidi kwetu ni hili: naweza kumlipia mama upasuaji Kigoma au Mombasa? Hapana. Tegemezi wa kodi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Mzazi anayeishi Afrika Mashariki na si raia wa Marekani hahesabiki, hata kama wewe ndiye unayemlisha kila siku. Ukitoa dola 2,000 za HSA kwa ajili yake, unalipa faini ya 20%, yaani 400, pamoja na kodi ya mapato. Kwenye ngazi ya 12% hiyo ni 240 nyingine. Inauma, lakini ya mama iwekee akaunti tofauti ya kawaida.

Mke au mume wa ndoa halali ni habari nyingine. Yupo kwenye orodha hata akiwa bado Dar anasubiri viza. Wewe nawe, ukienda likizo ukaugua Arusha, matibabu halali uliyolipia huko yanakubalika. Omba risiti yenye jina la mgonjwa, tarehe na huduma, na uandike pembeni kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ile. Chanjo ya homa ya manjano na vidonge vya malaria ulivyoandikiwa kabla ya safari navyo vinaingia. Usiagize dawa kutoka nyumbani zikaletwa Marekani kisha ukazidai.

Mtoto wa miaka 24 aliye kwenye bima yako lakini anajitegemea kikodi humlipii kwa HSA yako. Anaweza kufungua ya kwake.

## Hatua ya 7: Tunza karatasi

Msimamizi wa akaunti hakuulizi unapotoa pesa. Atakayeuliza ni IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na anaweza kuuliza baada ya miaka. Piga picha ya vitu vitatu kwa kila malipo: EOB, bili na risiti. Vipe majina yanayosomeka, kwa mfano "2026-03-14 Amina mkono 610".

Hakuna muda wa mwisho wa kujirudishia. Mwenye uwezo anaweza kulipa bili ya leo kutoka mfukoni, akaiacha HSA ikue, na akajirudishia baada ya miaka kumi, mradi akaunti ilikuwepo siku ya matibabu na risiti ipo.

## Hatua ya 8: Msimu wa kodi

Aliyechangia, aliyechangiwa na mwajiri au aliyetoa pesa lazima ajaze Fomu 8889. Utahitaji W-2, fomu ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, ambayo kisanduku cha 12 chenye herufi W kinaonyesha makato yako na mchango wa mwajiri kwa pamoja, na 1099-SA inayoonyesha ulichotoa. Mpe mtayarishaji wako zote mbili. Asiyezoea HSA huisahau 8889, na barua ya IRS inakuja kwako, siyo kwake.

Pesa iliyopita kwenye mshahara usiiandike tena kama mchango wako binafsi; tayari imeshapata nafuu. Ulizoweka mwenyewe kutoka benki ndizo unazodai, na kwa mwaka 2026 unaweza kuendelea kuziweka mpaka Aprili 15, 2027. Wakazi wa California na New Jersey wajue kwamba majimbo hayo hayatambui nafuu ya HSA kwenye kodi ya jimbo.

Ukigundua umezidisha kikomo, mwombe msimamizi aondoe ziada pamoja na faida yake kabla ya siku ya mwisho ya kufaili. Ukinyamaza, unatozwa 6% ya ziada hiyo kila mwaka mpaka uiondoe.

## Hatua ya 9: Kazi ikibadilika, miaka ikisogea

Ukiacha kazi, HSA inabaki yako. Ukiingia kwenye bima ya kawaida huongezi pesa, lakini unaendelea kuitumia iliyomo. Kuihamisha kwenda kwa msimamizi mwingine, omba ihamishwe taasisi kwa taasisi, isipite mikononi mwako.

Salio likishavuka kiasi chako cha kujilipia, sehemu ya juu yake unaweza kuiwekeza kwenye mifuko ya hisa. Sehemu ya chini iache taslimu, maana soko linaweza kuwa limeshuka siku mtoto anapolazwa.

Ukifika miaka 65, faini ya 20% inaondoka. Pesa ikitoka kwa matumizi yasiyo ya tiba unalipa kodi ya mapato tu, na unaweza kulipia ada za Medicare kwa HSA. Lakini ukichelewa kujiunga, Medicare Sehemu A inaweza kurudi nyuma hadi miezi 6, na michango ya miezi hiyo ikageuka ziada. Anayepanga kujiunga baada ya 65 asimamishe makato yake ya HSA miezi 6 kabla ya kutuma maombi.